Ofisi ya maombi ya uzamili Kisumu: mlipe msomaji, barua jiandikie

Nimetumia huduma hii kuomba uzamili wa historia. Shahada yangu ya kwanza ni ya biashara, daraja la pili ngazi ya chini, wastani wa 57. Nalitanguliza hilo kwa sababu mwenye alama nzuri fomu atajijazia kwa simu akiwa kitandani. Sisi wa hamsini na kitu ndio tunaotafuta wa kutushika mkono, na ofisi za aina hii zinaishi kwa ajili yetu.

Ofisi ni chumba kimoja juu ya maduka ya simu, si mbali na steji. Jina naliacha maana bado nina shughuli nao. Wanauza vifurushi viwili. Kikubwa ni shilingi 8,000: wanakutafutia vyuo, wanakujazia fomu na kukuandikia barua ya kujieleza. Kidogo ni shilingi 2,500, nacho ni kusomewa pendekezo la utafiti, basi. Nililipia vyote viwili.

Kikubwa hakina maana. Barua waliyoniandikia ilikuwa kurasa mbili za kuomba radhi. Humo nimeugua, nimekosa karo, na nimefiwa na mama. Mama yangu yuko Mbale anauza ndizi, mzima kabisa, na habari za kifo chake angezipokea kwa ukali. Nilipouliza, kijana wa kompyuta akanijibu, "Dada, hivyo ndivyo kamati hulainika." Barua nikaiacha palepale mezani.

Halafu wakanipigia hesabu ya GPA, yaani wastani wa alama kwa mfumo wa Marekani, eti nikitaka kujaribu huko. Walichukua 57 wakagawa kwa 25, wakapata 2.28, wakaniambia nisahau, kwa kuwa vyuo vingi vya huko hutaja 3.0 kati ya 4.0. Mimi ni mtu wa hesabu, karani wa sacco, kwa hiyo niliwauliza: mwenye 70 je? Kwetu 70 ni A, ndipo daraja la kwanza linapoanzia. Kwa fomula yao naye anapata 2.8, hafai. Kwa Wamarekani 70 kwa kawaida ni C, ndiyo maana alama za Kenya hazigawanywi hivihivi kama mkate. Vyuo vya huko vina njia zao za kusoma transkripti (karatasi ya alama) ya kigeni, au hukutuma kwa mashirika yanayofanya kazi hiyo. Ukipewa namba ya GPA kwenye ofisi ya ghorofani, usiiandike popote.

Sasa kifurushi kidogo. Pendekezo lako husomwa na mwalimu mstaafu wa historia anayekuja Jumamosi, na wote humwita Mwalimu tu. Nilimpelekea kurasa tano zenye kichwa "Historia ya Dhahabu Kakamega". Kichwa alikikata kabla hajaketi vizuri.

"Dhahabu haina historia, dada yangu. Wenye shamba ndio wenye historia. Nani aliondolewa, alilipwa nini, na umeyasoma wapi?"

Tukakaa hapo. Dhahabu ilipatikana Kakamega mwaka 1931, wazungu wakamiminika na vigingi vyao vya kujiwekea mipaka ya machimbo. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya hifadhi, yaani iliyotengewa Waafrika, haitachukuliwa bila kutolewa ardhi nyingine mahali pake. Desemba 1932 sheria hiyo ikabadilishwa: kwa ajili ya migodi, fidia ingeweza kuwa pesa, na baraza la wenyeji halikuwa na lazima ya kuulizwa kwanza. Haya niliyajua juujuu. Mwalimu akanielekeza kwenye ushahidi uliotolewa mbele ya tume ya ardhi ya Carter, iliyoteuliwa 1932 na ripoti yake kuchapishwa 1934. Akaniambia nichague shahidi mmoja tu, nimsome hadi nijue anachokwepa kusema.

Kisha akaniuliza kazini nafanya nini. Nilipomwambia sacco, akaweka kalamu chini. "Kwa nini hukuandika? Fidia ni hesabu. Wanahistoria wengi wakiona daftari la malipo wanalifunika." Pendekezo langu sasa linahusu malipo ya fidia kwa wenye mashamba Kakamega katika miaka ya 1930, na aya ya kwanza inasema wazi kwamba najua kusoma leja. Kuhusu alama aliniruhusu sentensi mbili, zisizo na msiba. "Transkripti wanayo, usiwasomee tena."

Ni yeye pia aliyeniambia jambo ambalo ofisi ilipaswa kulisema kabla ya kupokea hata shilingi moja. Idara nyingi hapa nchini hutaka daraja la pili ngazi ya juu. Wa ngazi ya chini mara nyingi hupokelewa akiwa na uzoefu wa kazi unaohusiana, kwa kawaida miaka miwili, au stashahada ya uzamili. Anayetoka fani nyingine anaweza kuambiwa asome kozi za ziada za historia kwanza. Kwa hiyo unapiga simu idarani, unamwomba mratibu wa uzamili, unauliza, ndipo unalipa ada ya maombi. Wahadhiri wangu walikuwa wa fedha na ukaguzi, si wa historia, kwa hiyo akaniambia nimwombe barua ya kunipendekeza yule aliyesimamia mradi wangu wa mwaka wa mwisho, aeleze nilivyotafiti, si nilivyofaulu.

Jibu la chuo bado nalisubiri, ila pendekezo nililotuma naweza kulitetea mbele ya yeyote, usiku wa manane.

Nyota mbili kwa ofisi, tano kwa Mwalimu. Ukienda, sema mlangoni kwamba unataka kusomewa tu, maana watakusukuma kwenye kile cha 8,000. Beba pendekezo likiwa limechapishwa kwenye karatasi, mistari iachane, kwani kwenye skrini hasomi. Fika mapema, saa saba mchana anaondoka, foleni iwepo isiwepo. Na risiti idai kabla hujashuka ngazi, hata kama umelipa kwa M-Pesa.