Cedar Point na watoto: pima kimo nyumbani, anzia nyuma

Cedar Point ni bustani ya michezo iliyoko Sandusky, jimbo la Ohio, Marekani, kwenye ulimi wa ardhi ulioingia ndani ya Ziwa Erie. Ukitoka Columbus kwa gari ni kama saa mbili, ukitoka Cleveland ni kama saa moja. Ilianza mwaka 1870 kama ufuko wa kuogelea. Leo ina rolakosta zaidi ya 15, yaani zile treni za kupandishwa juu kwenye reli kisha kuachiwa ziporomoke. Tathmini hii ni ya mzazi anayekwenda mara ya kwanza na watoto wa vimo tofauti. Mzazi huyo ndiye anayepoteza saa nyingi kuliko wote, kwa sababu huingia getini na kupanga foleni ya kwanza anayoiona.

Siku yenu itaamuliwa na inchi. Kila mchezo una kimo chake cha chini na mhudumu ana fimbo ya kupimia mlangoni. Hasikilizi maombi, na ana haki: chuma cha mapajani, kile kinachomzuia abiria kitini, kimetengenezwa kwa urefu fulani wa paja na kiwiliwili, na mtoto mfupi anaweza kuponyoka. Mpimeni mtoto nyumbani, mgongo ukutani, mwandike kwa inchi. Kizingiti kikubwa ni inchi 48, kama sentimita 122. Akifika hapo anafunguliwa rolakosta za Blue Streak, Gemini, Cedar Creek Mine Ride, Magnum XL-200 na hata Millennium Force. Inchi 52 (sentimita 132) ni za Maverick, Steel Vengeance, GateKeeper, Valravn na Top Thrill 2. Raptor inataka 54. Iron Dragon, ambayo mabehewa yake yananing'inia chini ya reli na kuyumba kama bembea, inakubali inchi 46. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa mtoto aliyekosa 48 kwa kidole kimoja, maana ataondoka akijua kwamba naye amepanda ya wakubwa.

Mkifika, pitieni kwanza ofisi ya huduma za wageni mtoto apimwe na avishwe utepe wa mkononi unaoonyesha kundi la kimo chake. Ni dakika chache. Bila utepe atapimwa kila mlango, na yule aliye mpakani anaweza kukubaliwa mlango mmoja saa nne asubuhi akakataliwa mwingine saa nane mchana. Hakuna kilio kibaya kama cha mtoto aliyesimama juani dakika 60 akarudishwa hatua tatu kabla ya treni.

Ulizeni hapohapo pia kuhusu utaratibu wa wazazi kupokezana. Baba anapanda na mkubwa, mama anabaki na mdogo, kisha mama anaingia bila kupanga foleni upya. Wengi hawaujui, basi mzazi mmoja anashinda amebeba mikoba.

Sasa njia. Lango kuu liko chini ya GateKeeper, na treni yake inapita kwenye matundu mawili ya minara juu ya vichwa vya wanaoingia. Watu wanashangaa, wanasimama, wanapanga foleni papo hapo. Msisimame. GateKeeper, Raptor na Valravn zote ziko mbele, na asubuhi ndipo zinapojaa. Nendeni moja kwa moja hadi mwisho wa bustani, mwendo wa dakika 20 hivi na watoto, mkaanze na Steel Vengeance na Maverick. Maverick ndiyo inayotesa zaidi kwa foleni, na sababu ni hesabu tu: kila treni yake inabeba watu 12, wakati Millennium Force inabeba 36. Foleni mbili zenye urefu uleule kwa macho hazina muda uleule. Kabla hamjaingia foleni yoyote, hesabuni viti vya treni moja na mwangalie kila dakika ngapi inaondoka.

Steel Vengeance nitaiongelea kwa kirefu kwa sababu ndiyo bora kuliko zote hapo. Kabla yake palikuwa na Mean Streak, rolakosta ya mbao ya mwaka 1991 iliyofungwa 2016 kwa kuwa ilikuwa inatikisa mno. Kampuni ya Rocky Mountain Construction ilibakiza sehemu kubwa ya msitu ule wa nguzo za mbao na kuweka juu yake reli mpya ya chuma, ikafunguliwa 2018. Mlima wa kwanza ni futi 205, karibu mita 62, na mporomoko wake umesimama wima kabisa. Kasi inafika maili 74 kwa saa, na treni inapinduka kichwa chini mara nne. Lakini sifa yake halisi ni kunyanyuliwa kitini. Treni inapovuka kilima kwa kasi kuliko mwili unavyotaka kushuka, mwili unaendelea kwenda juu na chuma cha mapajani ndicho kinachokurudisha. Bustani inatangaza jumla ya sekunde 27.2 za hali hiyo katika safari moja. Kwa sababu hiyohiyo simu ya mfukoni inaruka, na simu inayoanguka kutoka juu kwa kasi ile inaweza kumuua mtu. Ndiyo maana kanuni za vitu vya mkononi pale ni kali, na makabati ya kufungia yako karibu. Wekeni simu, funguo, miwani isiyo na kamba na kofia zote kwenye kabati moja kabla ya kuingia foleni. Pesa hiyo ndogo msiionee uchungu.

Kuhusu chuma hicho: kivuteni chini wenyewe mpaka kiguse paja, mgongo ukiwa umeegemea kabisa. Kosa la kawaida ni kukaa mbele ya kiti na kuacha nafasi nyuma ya kiuno. Kilima cha kwanza kinakusukuma nyuma, chuma kinabaki mbali na paja, na kila kilima kinachofuata unapigwa nacho. Mwenye tumbo au mapaja makubwa ajaribu kwanza kiti cha majaribio kilichowekwa nje ya mlango. Kwenye Millennium Force kinachokataa mara nyingi ni mkanda, hasa ukiwa na koti au kitu mfukoni. Vua koti, kaa wima, vuta mkanda kwanza ndipo ushushe chuma.

Millennium Force ni ya mwaka 2000: futi 310, maili 93 kwa saa, haipinduki hata mara moja. Haipandishwi kwa mnyororo kama nyingine. Inavutwa na kebo, hivyo inapanda haraka na kwa ukimya, na mtoto hapati ule muda mrefu wa kusikia kak-kak-kak akijuta. Kwa anayeogopa kupinduka lakini haogopi kimo, hii ni nzuri kuliko Corkscrew ya 1976, ambayo ni fupi kwa kimo lakini inapindua, na vizuizi vyake vya mabegani hugonga masikio. Kwenye za zamani za aina hiyo, sukumeni kichwa nyuma kikae kwenye kiti na msikilegeze.

Kwa mtoto wa kwanza kabisa kufika inchi 48, msianze na kubwa. Anzeni na Blue Streak ya 1964, ya mbao, futi 78 tu. Inatikisika kidogo, vilima vinafuatana kama mawimbi, na mtoto anaelewa mchezo ni nini. Kisha Gemini, ambako treni nyekundu na ya bluu zinashindana sambamba. Gawanyeni familia pande mbili. Baada ya hapo Magnum, iliyofunguliwa 1989 na kuwa ya kwanza ya mzunguko kamili kuvuka futi 200. Inakwenda kandokando ya ziwa, na wakati wa kurudi vilima vyake vidogo ni vikali, vinarusha kwa ghafla. Mshikeni mtoto kwa maneno, si kwa mkono: mwambieni aweke miguu imara sakafuni na mikono kwenye chuma. Akimaliza hiyo akicheka, Millennium Force ni yake.

Walio wafupi zaidi wana Woodstock Express ndani ya Camp Snoopy, karibu na Gemini, hivyo familia haitawanyiki. Treni ya mvuke nayo inakwenda hadi nyuma ya bustani. Itumieni kama usafiri mchana miguu ya watoto inapochoka.

Maswali mawili huulizwa na kila mtoto. La kwanza: kwa nini treni haitoki kwenye reli? Kila behewa lina magurudumu ya aina tatu: ya juu yanabeba uzito, ya pembeni yanazuia kuyumba, na ya chini ya reli yanazuia kuruka. Reli imekumbatiwa. La pili: kwa nini imesimama katikati? Reli imegawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu treni mbili ndani ya kipande kimoja. Ya mbele ikichelewa kituoni kwa sababu abiria mmoja amesahau mkanda, ya nyuma inasimamishwa kwenye breki au kwenye mlima. Mara nyingi huo ni ulinzi unafanya kazi yake, na mtoto aambiwe hivyo kabla hajapanda.

Kiti cha mbele na cha nyuma si kitu kimoja. Mbele unaona kila kitu na kupigwa na upepo, lakini unaning'inia kileleni ukisubiri uzito wa treni ufuate. Nyuma unaburutwa kuvuka kilele wakati treni imeshashika kasi, kwa hiyo mporomoko wa kwanza unakunyanyua zaidi. Mwoga akae katikati.

Top Thrill 2 ina futi 420 na maili 120 kwa saa. Inakurusha mbele, inakurudisha nyuma na kukupandisha mnara wima kinyumenyume, kisha inakurusha tena mbele kuvuka kilele. Ilifunguliwa Mei 2024, ikasimamishwa baada ya siku chache tu kwa matatizo ya mabehewa, na ikarudi 2025. Ni ya kupanda ikiwa wazi, lakini msiijengee siku nzima. Ndefu zote ni vivyo hivyo: upepo wa ziwa ukizidi au radi ikikaribia zinafungwa, huku fupi zikiendelea. Tazameni utabiri wa saa kwa saa. Kama mvua inakuja saa tisa, malizeni ndefu kabla yake.

Mavazi yanastahili neno. Ndala na kandambili zinatoka miguuni. Vaeni viatu vya kufunga. Dera au gauni refu hupeperuka na kunasa kwenye chuma, basi suruali chini yake au badala yake. Hijabu inakaa vizuri ikiwa ni ya kuvaa kama kofia. Mtandio wa kuzungusha ubanwe na ncha zake ziingizwe ndani ya nguo, bila pini zenye ncha kali shingoni. Rasta na nywele ndefu zifungwe nyuma, chini ya kisogo, si juu, maana fundo la juu linakisukuma kichwa mbele ya kiti.

Chakula cha nje hakiingizwi, na ndani, kama bustani zote za aina hii, bei ni za juu. Familia inayokula halali au yenye watoto wengi ipakie pilau na matunda kwenye kisanduku cha barafu, ikiache garini, kisha mtoke mchana mkale nje kwenye meza za pikiniki. Ulizeni getini utaratibu wa kurudi ndani kabla hamjavuka. Malipo ndani ni kwa kadi. Mwenye noti anaziweka kwenye mashine inayotoa kadi. Maji mwombeni kwenye vioski vya vinywaji kabla hamjanunua soda.

Kichefuchefu hakiletwi na tumbo lililojaa tu. Tumbo tupu nalo linakileta. Mkate au ndizi asubuhi, chakula kizito baada ya zile kubwa, kisha nusu saa ya treni ya mvuke au ufukweni. Macho yawe wazi yakitazama reli inakoelekea. Anayefumba macho anaweza kutapika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa sikio la ndani, linalohisi mizunguko, linasema anageuka na macho hayathibitishi.

Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi, mwanzoni mwa Juni. Jumamosi za Oktoba, wakati wa sherehe za Halloween, ndizo mbaya kuliko zote kwa foleni. Hapo tu ndipo ninapoona Fast Lane, yaani pasi ya kulipia ili kuruka foleni ndefu, ina maana, na hata hapo si kwa mtoto aliye chini ya inchi 48, ambaye michezo mingi mtakayomlipia hataruhusiwa kuipanda. Mei na Juni mwanzoni hutokea mawingu ya vijidudu vya ziwani vinavyojaa kwenye kuta na taa. Haviumi. Waliokulia Kisumu au Mwanza watavitambua mara moja. Fungeni mdomo tu wakati wa kuporomoka.

Millennium Force iacheni ya mwisho, jua likishazama. Foleni yake huwa imepungua na ziwa limekuwa jeusi upande mmoja. Anayekuwa kwenye foleni saa ya kufunga kwa kawaida huruhusiwa kupanda, kwa hiyo ingieni dakika kumi kabla. Mkitoka, maegesho yatakuwa yamejaa magari yanayogombea njia moja ya kuvuka maji. Kaeni kwenye viti vya nje dakika 30, watoto wamalizie matunda, ndipo muwashe gari.