Kichujio na hita kwa tangi dogo la samaki: kipi ununue, na ukiweke wapi

Mtu anayeanza kufuga samaki wa mapambo nyumbani kwa kawaida hununua tangi la lita 40 au 60, changarawe, mimea miwili mitatu na samaki wenyewe. Kisha, pesa zikiwa zimekaribia kwisha, ndipo anapokumbuka kichujio na hita, akachukua chochote kilichobaki rafuni. Mpangilio huo ni wa kinyume. Katika tangi dogo vifaa hivyo viwili hufanya kazi kama kimoja, kwa sababu hita hupasha maji yaliyo karibu nayo tu, na mkondo unaotoka kwenye kichujio ndio unaoyapeleka maji hayo hadi pembe ya mwisho. Kwa hiyo ninavipanga vichujio hapa chini kwa vigezo viwili ambavyo wauzaji huvitaja kwa nadra: kama mkondo wake unaweza kupunguzwa, na kinavyokuwa umeme unapokatika na kurudi.

Kwanza hesabu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kichujio kipitishe ujazo wote wa tangi mara 4 hadi 6 kwa saa, yaani lita 240 hadi 360 kwa saa katika tangi la lita 60. Idadi iliyoandikwa kwenye boksi, hata hivyo, kwa kawaida hupimwa kichujio kikiwa kitupu. Kikishatiwa sponji na uchafu wa wiki mbili, hupitisha kidogo kuliko hapo. Samaki aina ya beta, mwenye mapezi marefu na anayeweza kuvuta hewa juu ya maji, huchoshwa na mkondo ambao danio, samaki wadogo wapendao kuogelea kwa kasi, wangeufurahia, kwa hiyo yeye apewe chini ya kanuni hiyo.

Mahali unapoishi pia huingia katika hesabu. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam hupoteza oksijeni kwa sababu ya joto, ilhali mkazi wa Nairobi, aliye karibu mita 1,700 juu ya bahari, huipoteza kwa sababu ya mwinuko: kwa joto lilelile, maji yake hubeba karibu moja ya tano pungufu. Wote wawili wanahitaji kichujio kinachotikisa uso wa maji, kwa kuwa hapo ndipo hewa inapoingilia.

Nafasi ya kwanza ninakipa kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, ingawa ndicho chenye sura duni kuliko vyote. Pampu yake hutumia wati 2 hadi 5 tu, hakinyonyi vifaranga vya samaki aina ya gapi, na nguvu yake hurekebishwa kwa kijikoki kidogo cha plastiki kinachowekwa kwenye mpira wa kupitishia hewa. Sponji yenyewe ni makazi ya bakteria wanaogeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, na umeme ukikatika bakteria hao hubaki ndani ya maji ya tangi pamoja na samaki, wala hawafungiwi kwenye chombo kisicho na hewa. Kasoro zake ni mngurumo wa pampu usiku, nafasi kinachokula, na kwamba huinua maji kwenda juu zaidi kuliko kuyasukuma kando. Kasoro hii ya mwisho ndiyo inayoamua mahali pa hita: ilazwe chini, karibu na sponji, ili mapovu yanapopanda yavute maji ya moto pamoja nayo.

Ununue pia vali ya kuzuia maji kurudi, ambayo bei yake ni ndogo mno kuliko vingine vyote. Pampu yangu ya kwanza niliiweka sakafuni, chini ya meza ya tangi. Umeme ulipokatika usiku, maji yalirudi kupitia mpira wa hewa, na asubuhi nilikuta zulia limelowa na samaki wamebaki katika nusu tangi. Pampu iliyo juu ya usawa wa maji haina hatari hiyo, lakini si kila nyumba ina rafu mahali panapofaa.

Nafasi ya pili ni kichujio cha ndani chenye mota yake, kinachobandikwa kwenye kioo kwa vikombe vya mpira. Chukua chenye kidhibiti cha mkondo. Kisicho nacho kiache dukani, hata kama ni nafuu. Anza kwa nguvu ya chini kabisa, elekeza mdomo wake kwenye kioo cha karibu au juu kidogo ili uso wa maji utikisike, kisha tia punje chache za chakula na utazame. Zikizungushwa tangi zima kabla samaki hawajazifikia, mkondo ni mkali; zikikaa palepale kama maji ya kisima, ongeza kidogo. Mkondo ukiwa mkali bado, vika kipande cha sponji kwenye mdomo wa kutolea maji. Usizibe upande wa kunyonyea ili kupunguza nguvu, kwa sababu mota inayonyimwa maji hupata joto na kuharibika. Kwa tangi lenye samaki wa kawaida wasio na vifaranga, aina hii inakaribiana sana na ya kwanza, na husambaza joto vizuri kuliko ile.

Kichujio cha kuning'inia nyuma ya tangi kingekuwa cha pili laiti umeme wetu ungekuwa wa kuaminika. Husafishwa bila kutia mkono majini, na maji yake yanayomwagika kama maporomoko huingiza hewa vizuri. Tatizo ni kwamba baadhi yake, umeme ukikatika, hupoteza maji yaliyomo, na umeme unaporudi mota huzunguka pakavu mpaka mwenye nyumba aje kujaza kwa kikombe. Ukiwa unashinda kazini mchana kutwa, hilo si jambo dogo. Kichujio cha mkebe kinachokaa nje, chini ya meza, ni kizuri kwa tangi la lita 150 na kuendelea; kwa lita 60 ni gharama isiyo na sababu. Vile vya bamba la chini ya changarawe sivishauri, kwani kuvisafisha ni kulibomoa tangi zima.

Kuhusu hita, wakazi wengi wa pwani hawana haja nayo. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, maji ya tangi hukaa katika nyuzi ambazo samaki wengi wa kitropiki wanazitaka au kuzizidi, na kinachostahili kununuliwa huko ni kipimajoto. Nairobi, Limuru au Mbeya, ambako usiku wa Julai ni wa blanketi mbili, hita ni ya lazima kwa beta na gapi.

Bora ni ile inayozama kabisa, yenye kidhibiti joto cha kuzungusha. Ya pili ni iliyofungwa kiwandani kwenye nyuzi 25 au 26, ambayo inamtosha beta. Isiyo na kidhibiti usiinunue, kwa kuwa mji wa baridi ya usiku na jua la mchana huiyumbisha mno. Kadiria wati 1 kwa kila lita, na usivutwe na ile kubwa: hita ya wati 200 ikikwama ikiwaka katika lita 40 itawachemsha samaki, ilhali ya wati 50 hukupa muda wa kugundua. Ya wati 50 ikiwaka nusu ya siku hutumia uniti 0.6 za umeme. Soma pia volti kabla ya kulipa au kupokea zawadi. Hita iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani huwa ya volti 120, nayo haifai kwenye soketi zetu.

Iweke mahali maji yanapopita, karibu na mdomo wa kichujio cha ndani au ubavuni mwa sponji, ikiwa imelala au imeinama, juu kidogo ya changarawe bila kuigusa. Ikisimama wima, joto lake lenyewe hupanda hadi kwenye kidhibiti kilicho juu, nayo huzima mapema. Kipimajoto kikae upande wa pili wa tangi. Kikionyesha tofauti ya zaidi ya nyuzi 1 na upande wa hita, tatizo ni mkondo au mahali, wala si wati. Amini kipimajoto kuliko namba za hita, na urekebishe kidogo kidogo. Chomoa hita robo saa kabla ya kupunguza maji, maana kioo chenye moto kikikutana na hewa, kisha maji baridi, hupasuka. Waya uachwe uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda, ili matone yadondoke sakafuni.

Kichujio kisizimwe usiku, na sponji isuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini, kamwe si ya bomba yenye klorini, kwa kuwa bakteria wake huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga upya. Mwenye bajeti ya kifaa kimoja kwa mwezi huu, akiwa bara, anunue kichujio cha sponji, vali na kipimajoto. Ajaze maji bila samaki, aandike nyuzi za alfajiri kwa wiki moja, ndipo ajue hita ya wati ngapi ya kuitafuta mwezi ujao.