Safari ya Nchi Takatifu niliyolipia hapa Bukavu: magide (waongozaji) sawa, ajansi mmh

Mnaniuliza kila siku kama ile ajansi ni ya kuaminika, basi nijibu mara moja. Jina siliandiki, wenye tulisafiri nao wanajijua. Pesa walichukua yote mapema, kwenye karatasi wakaandika Hebroni, na Hebroni hatukufika. Kutoka Ruzizi mpaka Kigali tulibanana kwenye minibisi kama samaki sambaza kwenye beseni, mama mmoja wa Kadutu, hapa hapa Bukavu, begi yake akaibeba kwa magoti njia nzima. Chakula kule: mkate, matango, mayai, kesho yake tena mayai.

Lakini magide, hapo sina neno.

Badala ya Hebroni walitupeleka Gush Etzion, vilima vya kusini ya Betlehemu, wakatusimamisha kwenye mwaloni mmoja mzee. Nikawaza, dola zangu zote hizi nimekuja kuona mti? Gide alikuwa Muisraeli, anasema Kifaransa safi, akatuambia habari ya Kfar Etzion, kijiji cha pale kwenye mwaloni, mpaka tukasahau jua. Wayahudi walijaribu kukaa pale 1927, fujo za 1929 zikawatoa. Miaka ya 1930 akaja tajiri wa machungwa, Holtzmann, akanunua mashamba, na jina Etzion limetoka kwake maana Holz kwa Kijerumani ni mbao, na kwa Kiebrania mti ni etz, uasi wa Waarabu wa 1936 nao ukaharibu yote. 1943 vijana Wayahudi wa dini wakaanzisha kibutsi, kijiji cha kuishi na kulima kwa ushirika. Januari 1948 watu 35 walitembea usiku kuwapelekea msaada, wakauawa wote njiani, na tarehe 13 Mei, siku moja tu kabla Israeli haijatangazwa, kijiji kikaanguka mikononi mwa Waarabu, hata waliojisalimisha wakauawa. Wamama na watoto walikuwa wameshatolewa. Wale watoto walikulia upande wa pili wa mpaka, miaka 19 wanauangalia ule mti kwa mbali, na Septemba 1967 baadhi yao wakarudi. Ndiyo makazi ya kwanza ya Waisraeli kwenye Ukingo wa Magharibi baada ya vita ya 1967, Israeli ilipoiteka sehemu hiyo.

Watu waliguswa, kuna wenye walilia.

Kuingia Betlehemu kuna bango jekundu linalokataza Waisraeli, kwa hiyo gide akashuka, akapanda gide Mpalestina, mkristo wa pale pale. Yule mama wa Kadutu akamuuliza bila kuzunguka: Baba, na wewe ule mti unaujua? Akacheka kidogo. Akasema anaujua, ila hadithi yake inaanzia kwingine: Septemba hiyo hiyo ya 1967 Theodor Meron, mwanasheria wa wizara ya mambo ya nje ya Israeli yenyewe, aliandika kwamba kuweka raia kwenye ardhi iliyotekwa vitani kunavunja Mkataba wa Geneva, ule wa sheria za vita, serikali ikasema ni kambi ya jeshi tu. Halafu akatuonyesha Dheisheh, kambi ya wakimbizi Wapalestina ya tangu 1949, akasema hawa pia wanaangalia kwao kwa mbali.

Mama akasema, kumbe ni kama shamba la kwetu, kila mtu na karatasi yake. Bisi nzima kimya.

Magide nyota tano, wote wawili. Ajansi nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya dereva. Mkienda ombeni risiti, na Hebroni iandikwe na tarehe yake, mimi yangu naidai mpaka leo.