Terminator ya sita ilidoda, nami fundi mapazia nina la kusema

Kijana anayeniwekea muvi kwenye flashi pale Mwanjelwa, Mbeya, ana tabia moja nzuri na moja mbaya. Nzuri ni kwamba anapanga. Ukimwambia unataka Terminator zote hakupi fujo, anakutengenezea folda ya kwanza mpaka ya sita, kila moja na mwaka wake, shilingi 500 kwa muvi, na ukizoa zote anakupunguzia. Mbaya ni kwamba hakagui anachouza. Ya tano ilikuja na maandishi ya Kichina chini ya picha. Ya sita, ambayo ndiyo hasa niliyoifuata, ilikatika dakika kama kumi kabla ya mwisho. Kesho yake nikarudi na flashi mkononi, mfuko wa rambo kichwani kwa sababu ya mvua, na akanibadilishia bila ubishi. Duka nalipatia nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizobaki atazipata siku atakapojifunza kusogeza muvi mbele hadi mwisho kabla ya kupokea hela ya mtu.

Ila kilichonifanya niandike si duka. Ni folda ya saba. Aliitengeneza mwenyewe, sikumwomba, tupu kabisa, akaipa jina: 7 INAKUJA.

"Mwanangu, hii haiji," nikamwambia.

"Itakuja, mamdogo. Muvi kama ile haiwezi kuishia pale."

Inaweza. Na imeishia pale.

Nianze na muvi yenyewe. Terminator: Dark Fate ilitoka 2019. Mwongozaji ni Tim Miller, lakini James Cameron, mwenye hadithi, alirudi kama mtayarishaji, na Linda Hamilton akarudi kuwa Sarah Connor, yule aliyewindwa na roboti tangu muvi ya kwanza. Mama huyu hatukumwona kwenye mfululizo huu tangu ile ya 1991. Alivyoshuka kwenye gari pale darajani na bunduki yake, nywele nyeupe, uso wa mtu asiyelala, nilisimamisha cherehani. Mimi natazama muvi nikiwa kazini, runinga ndogo iko juu ya kabati la vitambaa, kwa hiyo muvi inayonifanya nitoe mguu kwenye pedeli ni muvi.

Hadithi tunaijua. Roboti limetumwa kutoka siku zijazo kumuua mtu ambaye bado hajawa mtu muhimu. Safari hii anayewindwa ni Dani Ramos, binti wa kiwandani Mexico, na anayemlinda ni Grace, mwanamke aliyeongezewa vyuma mwilini, ambaye nguvu zikimwishia anadondoka kama betri ya jumla. Roboti lenyewe lina ujanja mpya, linajigawa: mifupa inatembea kivyake na nyama inatembea kivyake. Nusu ya kwanza ni safi. Nusu ya mwisho wanapigana ndani ya ndege usiku, kisha wanapigana chini ya maji usiku, na kwenye runinga yangu ya inchi 24 sikujua nani anampiga nani. Nikashona upindo wa mita sita mpaka kukapambazuka humo ndani.

Sasa kuna Carl.

Carl ni Arnold Schwarzenegger. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video ya miaka ya tisini tulimwita Anodi, na tulimjua kama steringi asiyekufa. Humu amezeeka, ana ndevu nyeupe, amejificha Texas na mama mmoja na mtoto wake wa kufikia. Na kazi yake ni mapazia. Sitanii. Roboti lililotumwa kuua lina gari lenye jina la biashara ya mapazia ubavuni. Kuna mahali anasimulia habari za mteja aliyetaka pazia la rangi moja kwa chumba cha binti yake mdogo. Carl anasema alimkataza. Chumba cha mtoto kinataka vipepeo, vidoadoa, maputo. Anayasema haya kwa uso uleule aliokuwa nao alipokuwa akivunja watu shingo.

Nilicheka hadi mteja wangu akauliza kuna nini. Halafu nikanyamaza, kwa sababu ni kweli tupu. Miaka kumi na minne nauza mapazia, na kila wiki anaingia baba mmoja anataka kijivu kitupu kwa chumba cha watoto kwa sababu hakionyeshi uchafu. Huyo mwandishi aliwahi kukaa na fundi mapazia mahali. Ningeweza kutazama muvi nzima ya Carl akipima madirisha.

Kwa hiyo kwangu muvi hii ni nyota tatu na nusu, na naweza kuirudia. Sokoni ilidoda.

Kijana wa flashi hakuamini. Nikamwambia ilitengenezwa kwa dola kama milioni 185 na dunia nzima ikaingiza kama milioni 261. Akapiga hesabu ya haraka kwenye simu: "Si faida hiyo, milioni sabini na kitu?" Ndipo nikamkumbusha viazi. Gunia likitoka shambani kule Uporoto, bei utakayoisikia Dar si hela ya mkulima. Kuna dalali, kuna lori, kuna ushuru, kuna mwenye meza sokoni. Muvi ni vivyo hivyo. Wenye majumba ya sinema wanabaki na karibu nusu ya tiketi, na matangazo yana bajeti yake nje ya hiyo milioni 185. Muvi ya gharama ile inatakiwa iingize mara mbili na zaidi ndipo mwenye mali aanze kupumua. Marekani kwenyewe, wikiendi ya kwanza ilipata kama milioni 29, na mpaka inaondolewa kwenye majumba ya sinema ilikuwa na kama 62. Magazeti ya biashara ya sinema yalikadiria hasara iliyopita milioni 100.

"Na hela zetu je?" akauliza.

Hela zetu hazimo. Mia tano zangu sita, na za mabanda yote kuanzia Tunduma mpaka Makambako, hazijawahi kuingia kwenye daftari la mtu yeyote kule. Kwenye mabanda yetu Anodi hajawahi kudoda hata siku moja. Lakini aliyedodewa ndiye anayekata kitambaa kinachofuata, na sisi tunaopokea kwenye flashi hatuna mdomo. Hilo silisemi kwa kulalamika, maana nikilalamika nitaulizwa risiti.

Ninacholalamikia ni kingine. Kwenye kona ya banda langu kuna shangazi kaja, lile begi la plastiki la mistari, limejaa vitambaa vilivyokatwa. Ni vya wateja walioleta vipimo, wakalipa kianzio, wakasema "nakuja Jumamosi", na hawakuja. Vipande vingine vimeshatiwa ringi upande mmoja. Siwezi kuviuza kwa sababu vimekatwa kwa dirisha la mtu mwingine. Mfululizo huu umekuwa shangazi kaja ya namna hiyo. Ile ya nne, ya 2009, iliyomleta Christian Bale, ilikuwa iwe mwanzo wa muvi tatu. Haikulipa vya kutosha, kampuni iliyomiliki haki ikaomba kinga ya kufilisika mwaka uleule, na mwaka uliofuata haki zikauzwa kwa mnada. Ya tano, ya 2015, nayo ilikuwa mwanzo wa tatu. Zilizofuata zilikuwa zimeshapangiwa 2017 na 2018 kabisa, zikafutwa. Ile iliingiza kama milioni 440, lakini Marekani ilipata chini ya 90, na China peke yake ikatoa kama 113. (Nilipozisoma tarakimu hizo nikamsamehe kijana kwa yale maandishi ya Kichina. Waliolipa ndio walioandikiwa.) Halafu ikaja hii ya sita, mwanzo wa tatu nyingine.

Mianzo mitatu, na hakuna hata mmoja uliopata pili yake. Sarah na Dani mwishoni wanamtazama Grace akiwa bado mtoto, anacheza na wenzake uwanjani, na Dani anaapa kwamba safari hii hatamwacha afe. Kisha wanapanda gari wanaondoka kwenda kujiandaa. Hiyo ndiyo sehemu iliyokatika kwenye flashi yangu ya kwanza, na nilipoipata kwa shida zangu zote nikagundua kwamba hata faili zima limekatika palepale, ila hilo huwezi kulirudisha dukani ukabadilishiwe.

Kibaya zaidi ni namna wanavyosahihisha. Fundi akikosea mkono wa pazia anafumua mkono. Hawa wakikosea wanafumua pazia lote mpaka kwenye fimbo. Ya tano iligeuza yaliyotokea kwenye ya kwanza. Ya sita ikasema ya tatu, ya nne na ya tano hazikuwahi kutokea, tuhesabu mbili za mwanzo tu. Sawa, nikakubali, hata mimi ya nne naisamehe kwa shida. Lakini ndani ya dakika chache za mwanzo wakamuua John Connor, yule mtoto wa Sarah tuliyemlilia ya pili nzima asiuawe. Mwanangu wa kiume alikuwa anakunywa chai pembeni, akaweka kikombe chini: "Sasa kule tulikuwa tunakimbia nini?" Akatoka nje, hakurudi kutazama. Mimi nadhani watu wengi Marekani walifanya kama yeye, isipokuwa wao walikuwa na tiketi ya kutonunua.

Ndiyo maana nasema hasara ya safari hii itaubadilisha mfululizo kuliko zile za nyuma. Zamani walipododa walimrudisha Anodi. Ya sita ilimrudisha yeye, Cameron na Sarah wa Linda Hamilton, wote watatu kwa mpigo, na bado ikadoda. Stoo imebaki tupu. Anodi mwenyewe alisema 2023 kwamba yeye basi, mfululizo ukiendelea uendelee bila yeye.

Kilichofuata kinaonyesha wamelielewa hilo angalau kidogo. Tarehe 29 Agosti 2024 Netflix walitoa Terminator Zero, katuni ya Kijapani ya vipindi vinane, inayotokea Japani mwaka 1997. Hakuna sura ya Anodi, hakuna ukoo wa Connor. Wapenzi wa zamani wataitambua tarehe: 29 Agosti 1997 ndiyo siku mashine zinapoichoma dunia kwa mujibu wa ile ya pili. Nilianza kuitazama kwa kiburi, nikijua katuni ni za watoto, nikaimaliza kwa siku mbili. Watu wapya, mji wao, shida zao, woga uleule. Ila nayo ilisitishwa baada ya msimu mmoja. Shangazi kaja ikaongezeka kipande.

Mimi ningeulizwa, ningewarudisha kwenye kipimo cha 1984. Ile ya kwanza iligharimu kama dola milioni 6.4 na ikaingiza kama 78. Cameron alikuwa hana jina, na haki ya hadithi alimuuzia mtayarishaji Gale Anne Hurd kwa dola moja, sharti aongoze yeye. Itazame tena ukiwa umezima taa. Ni mitaa ya usiku, gari moja, binti mhudumu wa mgahawa ambaye hajui kwa nini anatafutwa, na lile jitu linafungua kitabu cha simu linasoma majina. Umaskini ndio uliowafundisha kuficha. Chuma chenyewe unakiona vizuri karibu na mwisho, baada ya moto. Ukiwa na milioni 185 huwezi kujizuia, unakionyesha tangu dakika ya kumi, tena viwili.

Muvi ya namna hiyo ikidoda, hasara yake ni ya kubeba mgongoni. Na kwa bei hiyo hakuna atakayelazimika kuahidi tatu. Ifanywe moja, iishe ndani ya saa mbili, isinieleze mambo ya wakati kurudi nyuma kwa nusu saa nzima. Dani wamwache alipo. Inaniuma, lakini nimeshakubali vitambaa vingi visivyofuatwa.

Haya yote nilimwambia kijana wa flashi, naye akanisikiliza huku akimwekea mteja mwingine tamthilia ya Kituruki. Mwisho akasema folda ya saba hafuti, ni ya kwangu, nitaifuta mwenyewe nikitaka.

Sijaifuta. Nimeipa kazi. Humo ndimo ninapoweka picha za mapazia ninayowaonyesha wateja kwenye ile runinga: ya ringi, ya mikunjo, shela mbili na zito moja katikati, na moja la chumba cha mtoto, lina vipepeo. Jana kaingia baba mmoja wa mtaa wa Soweto hapa Mbeya, nikafungua 7 INAKUJA, nikamwonyesha lile la vipepeo, nikamweleza kwa nini. Akatazama, akatikisa kichwa, akauliza kama kijivu ninacho.