Mtu Mmoja Kabadilishwa Rangi: Nachambua Kifurushi cha Picha za Akili Mnemba

Karibuni tena watazamaji, mnaotuangalia Kampala, Arua, hata ng'ambo ya mpaka huko Bukoba. Leo nina kifurushi cha picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba, zile wanazonunua watengenezaji wa matangazo. Muuzaji simtaji. Juu kaandika "Watu wa Uganda".

Haya, tazameni skrini. Mwanamke, laptopu, tabasamu. Nafungua ya pili: laptopu ileile, dirisha lilelile, ila ngozi imekolezwa. Ya tatu, kavishwa hijabu. Ya nne, kapakwa mvi. Mpaka kikombe cha chai hakijasogea! Hapo mtu ni mmoja tu, kabadilishiwa rangi, halafu unalipishwa kila sura.

Hii ya gomesi ngoja niivute karibu. Gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, ina shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, na mshipi mpana unaofungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga. Hapa mshipi umepanda hadi kifuani, vifungo sivioni. Peleka tangazo hili Masaka uone akina mama watakavyokucheka. Na huyu wa bodaboda anaendesha kulia mwa barabara. Uganda ipi hiyo, ssebo?

Mashine hujifunza kwa picha zilizojaa mtandaoni, na zetu huko ni chache. Ukiiagiza "Mwafrika ofisini", inakurudishia sura ileile iliyozoea. Wewe iandikie hivi: "fundi cherehani, mwanamume wa miaka hamsini, mwenye kitambi, soko la Owino, mvua imekatika sasa hivi". Anza na kazi, umri, umbo na mahali. Rangi ya ngozi itajipanga humo. Kiti cha magurudumu humu nimekiona kimoja, na aliyekikalia hana analofanya zaidi ya kutabasamu. Kwani mlemavu hana duka? Hagombani na wateja?

Kwa mnaotaka kuuza: Adobe Stock, duka la picha la mtandaoni, inapokea picha za akili mnemba, mradi uzitambulishe kuwa ndizo, na haitaki umwage picha zinazofanana. Getty Images, duka jingine la picha, ilizikataa tangu Septemba 2022, msijisumbue. Maneno ya kutafutia nayo myaonee haya. Humu picha moja imebandikwa Muganda, Mwacholi, Mnyankole na Mkaramojong, wote kwa mkupuo, ilimradi itokee kila anapotafuta mtu. Mteja aliyetafuta Karamoja akapata hiyo, kwako harudi.

Nyota mbili kati ya tano. Ya pili ni ya picha moja tu, hii ya muuza rolex, ile chapati yetu ya kuviringisha na mayai: unga umemganda vidoleni, trei ya mayai pembeni, sigiri inafuka, wala hakuangalii. Kama muuzaji anaitoa peke yake, ichukueni. Kifurushi kizima, hapana, bakini na shilingi zenu.