Funza wakavu kwenye chakula cha kuku wa mayai: uzoefu wangu

Chakula cha kuku wangu nachanganya mwenyewe, na nilichoshwa na unga wa samaki: mfuko huu una mchanga, ule unanuka, na ukizidisha kipimo mayai nayo yanabeba harufu ya samaki. Ndipo nikahamia kwa funza wakavu wa nzi askari mweusi.

Kuku hawakuhitaji kubembelezwa. Shida ni kwamba ukiwamwagia funza wazima, wababe wanadonoa funza na wanyonge wanabaki na pumba. Sasa nawasaga pamoja na mahindi. Wakisagwa peke yao mafuta yanaziba chekecheo la mashine.

Mafuta ndiyo habari yenyewe, na wauzaji hawayataji. Funza ambao hawajakamuliwa mafuta wana protini karibu asilimia 40, lakini mafuta nayo yanaweza kufika asilimia 30. Mashudu ya soya yana protini kama hiyo au zaidi kidogo, ila mafuta yake ni haba. Kwa hiyo ukitoa kilo ya soya ukaweka kilo ya funza bila kupunguza mahindi, unanenepesha kuku, na kuku wa mayai akinenepa utagaji unashuka. Mafuta hayo pia huchacha upesi penye joto, ndiyo maana nanunua kidogo kidogo.

Muuzaji wangu alinihakikishia kwamba kwa funza hawa chokaa haina kazi tena. Si kweli. Wana kalisi (kalsiamu, madini ya ganda la yai) nyingi, sawa, lakini chakula cha kuku anayetaga kinataka kalisi karibu asilimia 4, na funza wachache ndani ya mchanganyiko hawaifikishi. Chokaa yangu iko palepale.

Kinachonikera ni mfuko kutosema funza walilishwa nini. Hawa hufyonza kadimiamu, metali yenye sumu, kutoka kwenye wanachokula, na kadimiamu si kitu cha kumlisha kuku ambaye yai lake utalila. Umoja wa Ulaya, ulioruhusu protini ya wadudu kwa kuku na nguruwe mwaka 2021, unakataza wadudu hao kulishwa kinyesi au mabaki ya jikoni.

Utagaji haujashuka, maganda ni magumu, harufu ya samaki imekwisha. Bei bado iko juu ya soya, hivyo funza nimewapa nafasi ya unga wa samaki tu, soya sijaigusa. Nyota nne kati ya tano. Ya tano naibakiza mpaka waandike chakula cha funza kwenye mfuko.