Mashindano ya Dunia ya Vishale ya PDC: Je, Wachezaji 128 Si Wengi Mno?

Toleo la mashindano ya dunia ya vishale ya PDC, shirika la vishale vya kulipwa, lililochezwa katika jumba la Alexandra Palace, kaskazini mwa London, kuanzia tarehe 11 Desemba 2025 hadi tarehe 3 Januari 2026, lilikuja na mabadiliko mawili makubwa. Idadi ya wachezaji ilipanda kutoka 96 hadi 128, na zawadi ya bingwa ikaongezwa maradufu, kutoka pauni 500,000 hadi pauni milioni moja. Niliyafuatilia kwa televisheni nikitaka kujua kama nyongeza hiyo imeongeza utamu au imerefusha saa tu. Baada ya fainali nimeridhika kwamba waandaaji walifanya uamuzi sahihi, ingawa wameuza pamoja nao mambo kadhaa ambayo mtazamaji angefurahi kuyakosa.

Nguvu ya mashindano haya imo katika mfumo wake wa kuhesabu. Kila legi huanza na alama 501, mchezaji hurusha vishale vitatu kwa zamu akizipunguza, na kishale cha mwisho ni lazima kitue kwenye pete nyembamba ya nje inayozidisha namba kwa mbili. Anayetangulia kushinda legi tatu huchukua seti. Raundi ya kwanza huhitaji seti tatu, na fainali huhitaji saba. Kwa kuwa kila seti huanza upya, mtu anaweza kushinda legi nyingi kuliko mpinzani wake na bado akafungasha virago. Mtazamaji anayehesabu pamoja na wachezaji hufaidi zaidi ya yule anayesubiri kelele za 180, alama za juu kabisa kwa vishale vitatu. Akibaki na 32, kwa mfano, mchezaji huona raha, kwa sababu kishale kikiangukia ndani ya 16 badala ya kwenye pete ya 16 mara mbili aliyoilenga humwachia 16, naye atalenga 8 mara mbili. Akikosea tena vivyo hivyo, atabaki na 8 na kulenga 4. Anayebaki na 40 hana mteremko mrefu hivyo: kutoka 20 hushuka hadi 10, kisha 5, namba witiri ambayo humlazimu kutumia kishale kingine kujiweka sawa. Ukishaelewa hilo, unaanza kuona mkono ukisita kabla kishale hakijatoka.

Sasa nirudi kwenye wachezaji 128. Hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba raundi za mwanzo zingejaa watu wasiojulikana wanaotwangwa na majina makubwa. Zipo mechi zilizokwenda hivyo, nazo zilichosha. Lakini orodha hiyo hiyo ndefu ndiyo iliyomleta David Munyua, Mkenya wa kwanza kushiriki mashindano haya, ambaye alipangwa na Mbelgiji Mike De Decker, bingwa wa World Grand Prix, mashindano mengine makubwa ya PDC, wa mwaka 2024. De Decker aliongoza kwa seti mbili bila, na kwa mujibu wa kila desturi ya ukumbi ule mechi ilikuwa imekwisha. Munyua akachukua seti tatu zilizofuata. Kilichonivutia zaidi ni kwamba hakuharakisha: kadiri mpinzani alivyozidi kukosa pete ya nje, yeye aliendelea kurusha kwa mwendo ule ule aliouanza akiwa nyuma. Raundi ya pili ilimtoa, lakini atakayesimulia toleo hili hataweza kumruka. Raundi za mwanzo zimewahi kutupatia historia kabla ya hapo pia: Desemba 2019 Fallon Sherrock alimtoa Ted Evetts na kuwa mwanamke wa kwanza kushinda mechi katika mashindano haya, kisha akamwondoa Mensur Suljović.

Kuna uhusiano mwingine na Kenya ambao watangazaji hawautaji sana. Ubao wenyewe hutengenezwa kwa nyuzi za mkonge zilizobanwa, ndiyo maana tundu la kishale hujifunga kishale kinapong'olewa, na kampuni ya Winmau, ambayo ubao wake unatumiwa na PDC, imekuwa ikitengenezea mbao zake Kenya.

Fainali, kwa upande wake, haikufikia kiwango cha matarajio. Luke Littler, aliyetwaa taji akiwa na miaka 17 mnamo Januari 2025 kwa kumshinda Michael van Gerwen 7-3, safari hii alimlaza Gian van Veen wa Uholanzi 7-1. Kwa ufundi hakuna wa kumlaumu Littler, maana alicheza kama mtu aliyeufunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni. Kwa mtazamaji, hata hivyo, ushindani ulitoweka mapema. Anayetaka kuona fainali ya kweli atafute ile ya 2023, ambapo van Gerwen alipiga vishale vinane kamilifu, akakosa 12 mara mbili kwa cha tisa, na Michael Smith akajibu katika legi hiyo hiyo kwa kumaliza 501 kwa vishale tisa, idadi ndogo kabisa inayowezekana, cha mwisho kikiwa hapo hapo kwenye 12 mara mbili.

Lalamiko langu kubwa ni kuhusu hadhira. Mavazi ya vichekesho na nyimbo ni sehemu ya burudani, na bila hivyo ukumbi ungepoa. Kupiga miluzi wakati mchezaji analenga kishale cha ushindi ni jambo jingine, na wasimamizi hulikemea kwa upole usiosaidia kitu.

Kwa anayefikiria kununua tiketi, ningependekeza kipindi cha mchana katika raundi za mwanzo, ambapo mechi ni fupi na kelele ni za kiasi. Mashindano yatahamia ukumbi mkubwa zaidi ndani ya jumba hilo hilo kuanzia toleo la 2027, wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 5,000. Kwa kuwa hata katika ukumbi wa sasa aliyekaa nyuma hukiona kishale kwenye skrini tu, mimi ningelipia viti vya mbele au ningebaki na televisheni yangu.